Nilirudi kumuuguza baba kabla sijapata viza ya kazi. Je, Uingereza nimeipoteza?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 28, ni mtoto wa kwanza kati ya wanne, naishi Kimara na mama yangu. Nilisoma uhandisi ujenzi hapa hapa Dar es Salaam, nikafanya kazi miaka miwili, halafu Septemba 2023 nikaenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji. Sikuwa na mfadhili. Mama aliuza kiwanja chetu cha Kibaha, baba akatoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, na pesa ya kula na ya pango nikaitafuta mwenyewe kwa kufanya kazi ghalani zile saa ishirini kwa wiki wanazoruhusiwa wanafunzi.

Mpango wetu ulikuwa wazi. Nikimaliza niombe viza ya Graduate, ile ya miaka miwili, nipate kazi ya fani yangu, kisha mwajiri anidhamini nihamie viza ya Skilled Worker. Tasnifu niliikabidhi Septemba 2024. Chuo kikatuambia tusubiri matokeo, kwa sababu huwezi kuomba Graduate mpaka chuo kiitaarifu serikali kwamba umemaliza na kufaulu. Nikiwa nasubiri, baba akapigwa na kiharusi. Wadogo zangu bado wanasoma na mama ana presha. Nikaona siwezi kukaa kule na yeye amelala hajiwezi. Nikarudi mwishoni mwa Oktoba. Matokeo yalitoka Novemba nikiwa wodini namlisha uji. Nilifaulu kwa daraja la juu kabisa. Baba alifariki Februari 2025. Kadi yangu ya ukaazi ya Uingereza imeandikwa mwisho wake 31 Desemba 2024, kwa hiyo tulipomzika nilikuwa tayari nimepoteza kila kitu.

Sasa nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kuchimba visima na kulaza mabomba vijijini. Mkataba ni wa miezi sita sita, mshahara laki nane. Kazi naipenda, lakini kwa mshahara huo siwezi kuwalipia wadogo zangu ada, achilia mbali kumrudishia mama kiwanja. Ndugu nao hawanyamazi. Kwenye arobaini ya baba kuna mtu alisema hadharani kwamba nilifukuzwa kule. Mama hajawahi kunilaumu hata siku moja, ila Kibaha ikitajwa anainuka anaenda jikoni.

Hivi karibuni jirani alinikutanisha na kaka mmoja mwenye ofisi Sinza anayesafirisha watu. Anasema atanipatia CoS, cheti cha udhamini wa mwajiri, ya kulea wazee Uingereza kwa shilingi milioni 18, nusu iwe mbele, na kwamba nikishafika nitabadilisha niingie kwenye uhandisi. Mama yuko tayari kuiweka rehani nyumba tunayoishi. Kaka huyo anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Shangazi, naomba unisaidie. Je, naweza bado kuomba viza ya Graduate nikiwa nyumbani, kwa kuwa niliondoka kwa dharura? Je, kuna mtu anapata Skilled Worker akiwa huku, au ni lazima uwe kule kwanza? Rafiki yangu aliyebaki Leeds anasema mshahara wa chini sasa ni pauni 41,700 na hakuna kampuni itakayomlipa mgeni asiye na uzoefu pesa hiyo. Au nirudi kusoma tena ili nianze upya? Mama anasema liwalo na liwe.

Na kuna jambo linanitesa. Kila nikiomba kazi najibiwa kwamba hawadhamini. Nimeanza kuandika anuani ya huyo rafiki yangu kwenye wasifu wangu ili waone niko kule. Sijui kama ni kosa.

Mhandisi wa Kimara


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa baba. Kumlisha baba yako uji siku ambazo wenzako walikuwa wakijaza fomu haikuwa hasara, na mtu yeyote anayekuambia ulichezea bahati hajui anachokisema.

Nitaanza na huyo kaka wa Sinza, kwa sababu ndiye mwenye haraka. Usimpe hata shilingi, na nyumba isiwekwe rehani. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya Uingereza imefunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ya nchi. Mtu aliye Kimara hawezi kupewa viza mpya ya kazi hiyo leo, hata apatikane mwajiri mwema kiasi gani. Hiyo bidhaa anayokuuzia kwa milioni 18 haipo sokoni.

Hata kazi ingekuwa nyingine, bado asingekuwa na haki ya kukuuzia. CoS, yaani cheti cha udhamini, ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, ambayo mwajiri mwenye leseni anaitoa kwa jina lako kupitia mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Gharama yake ni ya mwajiri. Ada ya leseni ya udhamini na ada ya kutoa cheti chenyewe, tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi wa Skilled Worker. Ile tozo ya ujuzi anayolipa kwa kila mwaka wa mkataba haikuwahi kuruhusiwa kumwangukia mfanyakazi. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja bei ya CoS, jua palepale kwamba ama anakuibia, ama anakuingiza kwenye udanganyifu ambao sahihi yake itakuwa yako. Ombi la viza likikutwa na udanganyifu au nyaraka za kughushi, mwombaji anaweza kufungiwa asiingie Uingereza kwa miaka 10. Huyo kaka hatafungiwa. Yeye ataendelea na ofisi yake.

Na hilo la "ukifika utabadilisha" ndilo lililowaumiza wengi. Kabla mlango haujafungwa, walezi wengi kutoka Afrika na Asia walifika Uingereza na vyeti halali kabisa, wakakuta kampuni haina saa za kuwapa, au baada ya muda leseni ya mwajiri ikafutwa. Leseni ikifutwa, mfanyakazi kwa kawaida hubakiwa na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au aondoke. Fikiria uko katika siku hizo 60 na huku nyumba ya mama iko rehani. Hapa nchini wakala wa kupeleka watu kazini nje anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwombe akuonyeshe yake, uone kama haraka yake itabaki ileile.

Sasa viza ya Graduate. Jibu ni hapana, na sitaki uendelee kuitumainia. Lazima iombwe ukiwa ndani ya Uingereza, na viza ya mwanafunzi iwe bado hai. Ugonjwa wa mzazi, msiba, matokeo kuchelewa, hakuna kimojawapo kinachobadilisha sharti hilo kwa mtu ambaye tayari yuko nje. Utasikia pia watu wakitaja viza ya High Potential Individual. Hiyo ni ya waliohitimu katika vyuo vikuu vilivyoorodheshwa vya nchi nyingine. Vyuo vya Uingereza vyenyewe havimo, kwa hiyo haikuhusu.

Lakini Skilled Worker inaombwa ukiwa nyumbani, tena kila siku kuna watu wanaiomba wakiwa kwao. Na hapa ndipo rafiki yako wa Leeds amekupa nusu ya habari. Ni kweli kwamba kiwango cha jumla cha mshahara kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 Aprili 2024, kisha kikafika 41,700 Julai 2025. Nusu aliyoiacha ni kwamba sheria hiyohiyo ina kundi linaloitwa new entrant, watu wanaoanza kazi, ambao kiwango chao ni pauni 33,400, au asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa kazi husika, kutegemea ipi ni kubwa. Watu wengi wanadhani kundi hilo ni la walio chini ya miaka 26 tu, au la wanaohama kutoka viza ya mwanafunzi wakiwa kule kule. Siyo hivyo. Anaingia pia mtu ambaye ruhusa yake ya mwisho ya kukaa Uingereza ilikuwa ya mwanafunzi, akasoma na kumaliza shahada ya kwanza, uzamili au uzamivu, na ruhusa hiyo ilikwisha chini ya miaka miwili kabla ya siku anayotuma ombi lake. Sheria haisemi awe wapi. Anaweza kuwa Kimara.

Mwanangu, huyo ni wewe.

Kinachobaki ni kuijua tarehe yako kwa uhakika, na nina shaka tarehe unayoitumia siyo. Kadi za ukaazi za miaka ile zilichapwa mwisho 31 Desemba 2024 hata kwa watu ambao ruhusa yao ilikuwa inaendelea mbele, kwa sababu serikali ilikuwa inaziondoa kadi zenyewe na kuhamia viza za kielektroniki. Tarehe ya kadi haikuwa lazima iwe tarehe ya ruhusa. Kozi ya uzamili ya miezi 12 au zaidi huongezewa miezi minne baada ya kozi kwisha, kwa hiyo kama yako iliandikwa kwisha mwishoni mwa Septemba 2024, ruhusa yako ilikwenda hadi karibu mwisho wa Januari 2025. Tafuta ile barua pepe ya uamuzi uliyopewa viza ilipokubaliwa mwaka 2023, tarehe imo. Kama ni Januari 2025 kama ninavyokadiria, basi una nafasi ya kutuma ombi kama new entrant mpaka Januari 2027.

Usiihesabu Januari hiyo kama siku ya kupata kazi. Ni siku ya mwisho ya kutuma ombi la viza, na kabla ya hapo mwajiri anatakiwa akuombee cheti cha aina maalumu kinachotolewa kwa walio nje ya nchi, akikabidhi, nawe ukitumie ndani ya miezi mitatu. Kama kampuni haijawahi kudhamini mtu, lazima kwanza iombe leseni, na hiyo inakula wiki nyingi. Mimi ningeweka lengo la kuwa na mkataba mkononi si baada ya Oktoba 2026.

Tarehe hiyo ikipita bado kuna upenyo mwingine ambao fani yako inakupa na fani nyingi haziupati. New entrant ni pia mtu ambaye kazi aliyopewa inamjenga kufikia usajili kamili wa taaluma au hadhi ya chartered, yaani mtaalamu aliyethibitishwa rasmi na chombo cha fani yake. Wahandisi ujenzi wa Uingereza huipata hadhi hiyo kupitia Institution of Civil Engineers, na kampuni nyingi za ushauri wa kihandisi zina mpango rasmi wa kuwalea vijana wao kuifikia. Angalia kama kozi yako ya uzamili iliidhinishwa na Joint Board of Moderators, bodi inayokagua kozi za uhandisi ujenzi. Kama imeidhinishwa, iandike hivyo kwenye wasifu, kwa sababu mwajiri ataelewa mara moja kwamba safari yako ya chartered imeshaanza. Ila kiwango hicho nafuu kina mwisho. Ni miaka minne kwa jumla, na ungekuwa umetumia viza ya Graduate ungekuwa umekatwa muda wake humo. Wewe hukuitumia, kwa hiyo minne yako ni mizima. Ikiisha lazima mshahara upande ufikie kiwango cha kawaida, na swali la kumuuliza mwajiri kwenye usaili, kwa adabu lakini waziwazi, ni mshahara wa mhandisi wao huwa umefika wapi baada ya miaka hiyo.

Nije kwenye anuani ya rafiki yako. Iondoe leo. Najua umeiandika kwa kuchoshwa na majibu ya kukatisha tamaa, lakini inakuharibia. Fomu karibu zote za maombi zinauliza kama unahitaji udhamini. Ukijibu ndiyo huku anuani ni ya Leeds, wanajiuliza unaficha nini. Ukijibu hapana, umedanganya, na kampuni ikigundua baada ya usaili wa tatu hutakuwa na cha kujitetea. Andika Dar es Salaam, Tanzania. Kisha chini yake weka sentensi mbili ambazo waombaji wengi hawaziandiki kwa kuwa hawazijui: kwamba unahitaji udhamini wa Skilled Worker, na kwamba unastahili kiwango cha mshahara cha new entrant hadi Januari 2027. Maofisa wengi wa ajira wanaijua ile 41,700 tu. Wanaifunga faili yako kwa sababu wanafikiri hawataweza kukulipa, na hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Wapi utume? Serikali ya Uingereza inachapisha bure kwenye tovuti yake ya GOV.UK orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini, na inaihuisha karibu kila siku ya kazi. Ni ndefu mno, zaidi ya majina laki moja, kwa hiyo usiisome kuanzia A. Fanya kinyume: andika makampuni ya ushauri wa kihandisi na wakandarasi wanaofanya kazi za maji, kisha hakiki moja moja kama limo. Ambalo halimo liweke mwisho.

Na fani yako ina soko sasa hivi. Makampuni ya maji ya England na Wales hupangiwa matumizi yao kwa vipindi vya miaka mitano, na Desemba 2024 msimamizi wao, Ofwat, aliidhinisha pauni bilioni 104 kwa kipindi cha Aprili 2025 hadi Machi 2030. Fedha hizo ni za mabomba yanayovuja, mitambo ya majitaka, mabwawa na kuzuia majitaka yasimwagike mitoni. Michoro na mahesabu yake yanafanywa na wahandisi kama wewe. Siahidi kwamba watakuita. Ninachosema ni kwamba ukiomba kazi za maji unaomba mahali penye kazi, na ukitawanya maombi kwenye kila tangazo lenye neno mhandisi unapoteza nguvu zako.

Kuna ugumu mmoja nisiouficha. Mishahara ya wahandisi wanaotoka chuo moja kwa moja kule iko karibu na ile 33,400, na mara nyingi chini yake kidogo. Kwa hiyo nafasi za wahitimu wapya tu zinaweza kukukwamisha kwa pesa ndogo. Lenga nafasi ya hatua moja juu, ya mhandisi msaidizi au mhandisi mwenye uzoefu wa miaka miwili mitatu, kwa kuwa uzoefu huo unao. Ulifanya kazi miaka miwili kabla ya kwenda, na unafanya sasa. Umeiandika kazi yako kwenye barua hii kana kwamba ni ya kujishikiza. Kwenye wasifu iandike ilivyo: kina cha visima, lita kwa saa, kipenyo na urefu wa bomba, vijiji vingapi, nani aliyesaini michoro. Kama ulitumia InfoWorks kwenye uzamili, itaje juu kabisa, maana ni programu ya modeli za mitandao ya maji inayotumika sana kule. Kama hukuigusa tangu uondoke, EPANET inapatikana bure na unaweza kuujengea modeli mtandao halisi wa kijiji ulichokilaza mabomba wewe mwenyewe. Mtu wa kuajiri akiona hivyo ataelewa haraka kuliko barua ya kurasa mbili.

Jisajili pia Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kama hujafanya hivyo, uingie kwenye mpango wake wa mafunzo kazini. Ni njia ya kuwa mhandisi mtaalamu hapa kwetu, na nchi hii inachimba, inalaza mabomba na inajenga mabwawa: mradi wa maji wa miji 28, bwawa la Kidunda, kazi za RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ukihamia kwenye mradi mkubwa kama hiyo, hata kwa mkataba mfupi, mshahara utapanda na wasifu utapanda.

Mkataba ukipatikana, gharama halisi zijue mapema ili mtu asikuongezee. Kwa viwango vya Aprili 2025, ada ya viza ya hadi miaka mitatu kwa mwombaji aliye nje ilikuwa pauni 769, na tozo ya afya 1,035 kwa kila mwaka, inalipwa yote kwa mkupuo. Kwa miaka mitatu ilifika pauni 3,874, zaidi ya shilingi milioni 12. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, hivyo angalia tena siku ya kulipa. Kuna pia pauni 1,270 zinazotakiwa kukaa kwenye akaunti yako siku 28, isipokuwa mwajiri athibitishe kwenye cheti kwamba atakusaidia mwanzoni, na wengi huthibitisha ukiwaomba. Waulize pia kama wanalipia viza na tozo ya afya. Wapo wanaolipa yote, wapo wanaokopesha na kukata kwenye mshahara. Usione haya kuuliza, ni swali la kawaida kwao. Kipimo cha kifua kikuu kwa mtu anayetoka Tanzania ni lazima, kinafanywa kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Dar es Salaam, na cheti chake kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikifanye kabla ya kupata kazi. Mtihani wa Kiingereza huuhitaji: kiwango kimepandishwa kuwa B2 tangu Januari 2026, lakini shahada yako ya Uingereza inatosha. Baada ya alama za vidole, uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu.

Kurudi kusoma? Hapana. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ungeitoa wapi ila kwenye hiyo hiyo nyumba? Tena wanaoomba Graduate kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18 badala ya miaka miwili, na ukianza kozi Septemba 2026 utaangukia humo. Wala usidanganywe kwenda kwa viza ya matembezi utafute kazi ukiwa huko. Kuhudhuria usaili unaruhusiwa, ila huwezi kubadilisha kuwa viza ya kazi bila kutoka, na usaili wenyewe siku hizi unafanyika kwa video.

Kwa wasomaji wengine mliosomeshwa na ufadhili wa serikali, someni mkataba wenu kabla ya kufuata lolote kati ya haya. Chevening, kwa mfano, inamtaka mhitimu arudi kwao miaka miwili. Na yeyote anayetaka ushauri wa kulipia kuhusu viza ya Uingereza ahakikishe mshauri amesajiliwa na Immigration Advice Authority, ile iliyoitwa OISC mpaka Januari 2025, au ni mwanasheria anayetambulika kule. Majina yanatafutwa bure mtandaoni.

Sasa mama. Nadhani hajui kwamba kuna njia nyingine, ndiyo maana yuko tayari kuitoa nyumba. Anaona milioni 18 kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha kitu kingine cha kushika. Kaa naye jioni moja, wadogo zako wakiwa wamelala, umwambie kwa maneno yako mwenyewe: mama, kiwanja cha Kibaha kilinunua shahada, na shahada ninayo, haikuisha na viza. Mwambie tarehe ya Januari 2027. Mwambie pia wazi kwamba huenda usiipate hiyo kazi, ili asije akaanza kuhesabu pesa ambazo hazijaja, na kwamba ikifika hapo utakuwa mhandisi wa maji mwenye usajili hapa hapa, na ada za wadogo zako zitatafutwa kwa mshahara wa hapa. Mama mwenye presha anavumilia habari ngumu kuliko anavyovumilia kutojua. Anapoinuka kwenda jikoni, mfuate. Huenda hasikitikii kiwanja. Huenda anamkumbuka baba yako, maana kiwanja kile walikinunua wote wawili.

Aliyesema msibani kwamba ulifukuzwa hudaiwi naye maelezo, wala usimwonyeshe cheti. Mwonyeshe mama cheti. Kama hajakiona kwa macho yake mpaka leo, kitie fremu ukitundike sebuleni.

Fanya la barua ya uamuzi kwanza, kabla ya kutuma ombi jingine lolote la kazi. Tarehe iliyomo ikiwa tofauti na hii ya Januari 2025 niliyokadiria, niandikie, kwa sababu hesabu yote niliyokupa inasimama juu yake.

Shangazi